Mvuke wa Upande wa Pili wa Ukuta

Jumapili, 11 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Nimetoka ibadani sasa hivi na sijavua hata viatu, maana nikivua viatu nitaingia jikoni, na nikiingia jikoni barua haiandikwi tena. Sisi wazima, wapwa zako wazima, na Mungu hatujamchosha bado kwa maombi yetu juu yako.

Utasema kwa nini nisipige simu. Simu yako ikilia hapa nyumba nzima inataka kuongea, na shemeji yako anapaza sauti kana kwamba sauti yake ndiyo itakayovuka mpaka huko, si mtambo. Mimi naambulia "haya, kwaheri." Mambo ya moyoni hayasemwi kwa foleni. Yule fundi mgeni wa mitambo ya jua anarudi kwao wiki hii, amekubali kunibebea.

Habari kubwa ni kwamba boila ya shemeji yako, ile ya kuchemshia mvuke, imeondoka. Mapaa yote ya kiwanda sasa yamefunikwa vioo vya kuchotea jua, na matangi mapya ya maji ya moto yamesimama uani yanang'aa kama meno ya dhahabu. Boila ya kuni ilinyanyuliwa na kreni ikawekwa juu ya lori, na shemeji yako akaisindikiza kwa miguu mpaka getini, kofia mkononi. Wenzake wakampa pole ya msiba. "Bwana Moshi, marehemu kaacha watoto wangapi?" Akacheka nao, lakini nyumbani alikula kidogo.

Shuka tunazotoa siku hizi zinabandikwa nembo ya jani la kijani, na maandishi chini yake kwamba zimetiwa rangi bila moshi. Mimi nazikunja, na nembo lazima iangalie juu, la sivyo msimamizi anakurudishia mzigo wote. Meneja alitukusanya akasema sisi na hao wageni wa ng'ambo walioleta vioo sasa ni wabia, si mabwana na vibarua. Neno limekuwa mchezo ukumbini. "Mbia, nipishe." "Mbia, umenikanyaga." Yule mama mnene wa meza ya dirishani aliomba kwenda haja akakataliwa, akamuuliza msimamizi, "Mbia mzima nijikojolee?" Tulicheka mpaka tukakunja vibaya.

Lakini moyo wangu uko kwa shemeji yako. Waliahidiwa, yeye na wenzake wa boila, kwamba watafundishwa mitambo mipya. Wenzake wameshaambiwa wakae nyumbani wasubiri. Yeye bado anakwenda kila siku, anakaa kwenye benchi ya stoo na sare yake imepigwa pasi. Unajua alivyo, kukaa bure kunamuumiza kuliko kuni. Wewe ulikuwa karani pale, wakakuona una kichwa, leo uko na wenye mradi wenyewe. Ukipata nafasi mkumbushie mkubwa mmoja.

Ujifunike vizuri. Na usisahau sala kwa sababu ya usingizi.

Dada yako


Jumatano, 6 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako ndani ya treni, nilipofika kwa huyo mama wa dirishani nikacheka peke yangu na abiria wakasogea pembeni.

Nashukuru Mungu kazi inakwenda. Mchana nakaa darasani na wanafunzi wenzangu, jioni naitwa mikutanoni kutafsiri. Nakaa katikati. Hawa wakisema nageuza, wale wakijibu narudisha, na hakuna anayenitazama usoni, wananitazama kama mtu anavyotazama dirisha. Lakini mkuu wa mradi ameniambia kwamba bila mimi mikutano ingekuwa ya mabubu. Wanafikiria kunipa mkataba wa kudumu. Usiwatangazie watu kwanza.

Kuhusu shemeji, mwambie asivunjike moyo. Huko nyuma ya ukuta ni kwa muda tu, mpaka awamu ya pili ianze. Akubali bila kuuliza sana. Boila ile anaijua kuliko mtu yeyote, na wanajua hivyo.

Wapwa zangu wasome. Nitawaletea viatu.

Mdogo wako


Jumapili, 21 Aprili

Mdogo wangu Kasuku,

Barua yako ilinitangulia kwa jambo nisilolijua. Nilisoma "nyuma ya ukuta" nikarudia, nikamuuliza shemeji yako, naye hakuelewa. Nikasema Kasuku amechoka, anachanganya mambo. Wiki haikuisha, Meneja akamwita, akamwonyesha mlango mdogo wa upande wa barabara ya nyuma. Kumbe boila haikwenda mbali. Lori lilizunguka mtaa tu likarudi kwa nyuma. Wewe uko ng'ambo unajua, sisi tuliokuwa tunaisindikiza hatujui. Nikajiambia ndiyo faida ya kuwa na mtu karibu na wakubwa.

Sasa nikueleze palivyo, maana nilimpelekea chakula nikaona kwa macho yangu. Ni kiwanja cha jirani kimejengwa banda la mabati, boila imo ndani, kuni zimerundikwa mpaka njiani. Bomba la mvuke limetoboa ukuta na kuingia kwetu, na upande wetu limepakwa rangi ya kijani vizuri sana, ungedhani ni la maji ya bustani. Oda zimekuwa nyingi, na jua peke yake halitoshi kuchemsha rangi za wote. Basi kiwanda kinanunua mvuke kwa kampuni ya jirani. Kampuni yenyewe ni kibao na kufuli. Asiyetaka kuamini anione nikikunja shuka za "bila moshi" huku pua yangu imejaa moshi wa mume wangu.

Nisingelalamika kama ni moshi tu. Lakini amenyang'anywa kadi ya getini. Halipwi kwa mwezi, analipwa kwa siku, na daktari wa kiwanda si wake tena. Miaka yote tulikuwa tunaongozana asubuhi mpaka getini, yeye mbele mimi nyuma, tunagombana kidogo kuhusu watoto, basi siku imeanza. Sasa tunaachana pale kona. Juzi aligeuka akaniambia, "Haya mbia, tuonane jioni." Alisema kwa mzaha, na mimi nikacheka kwa mzaha.

Kinachoninyima raha ni vali ya usalama, ile ya kupumulia mvuke ukizidi. Imechakaa, waliifunga hivyohivyo walipohamisha. Ameomba mpya. Meneja anamwambia aombe kwa mwajiri wake. Mwajiri wake ni nani? Kwenye banda kuna mlinzi tu, na mlinzi anasema yeye kaajiriwa kulinda kuni.

Kasuku, wale wageni hawajui. Mimi naamini hivyo. Walipokuja kufunga vioo walikuwa wanatusalimu mmoja mmoja, yule mwanamke wao alinishika mkono kwa mikono miwili. Watu wa namna ile wangejua wasingekubali. Waambie wewe. Sema tu kwamba kuna boila nyuma ya ukuta, na vali yake mbovu, na anayeiwasha ni shemeji yako.

Mungu akupe maneno.

Dada yako


Jumapili, 19 Mei

Dada yangu,

Nimelifikisha lile jambo. Liko mikononi mwa wahusika, lisikukoseshe usingizi.

Nakuomba kitu kimoja, na usinielewe vibaya. Mambo ya kiwanda usiyaandike tena kwenye barua zinazobebwa na mafundi. Wapo wanaoanza kujifunza lugha yetu, na mkataba wangu unazungumzwa mwezi ujao. Andika habari za nyumbani. Mengine tutayasema tukionana.

Na kuonana si mbali. Kuna ujumbe wa wabia utakuja Julai kukagua, na huenda nikawa miongoni mwao. Nikija nitalala nyumbani kwako, kwenye kile kitanda kinacholia.

Msalimie shemeji. Mwambie avumilie.

Mdogo wako


Jumatatu, 29 Julai

Kasuku,

Nilikaa kimya kama ulivyoagiza. Juni nzima nilijizuia. Leo naandika, na barua hii naipeleka posta mwenyewe, haibebwi na mtu.

Vali haikupumua, bomba likapasuka mwishoni mwa Juni, asubuhi, mashine zote za rangi zikiwa zimewashwa. Mimi nilikuwa mezani. Tulisikia kishindo, halafu mvuke ukakatika upande wetu, na msimamizi akatukana kwa sababu kazi imesimama. Yule mama wa dirishani ndiye aliyechungulia akaona watu wanakimbilia barabara ya nyuma. Alinivua aproni kwa mikono yake mwenyewe, akanisukuma mlangoni.

Mvuke ulimpata mkono wa kulia wote, shingo, na shavu mpaka jichoni. Alikuwa amekaa kwenye gogo ananiomba msamaha kwa sababu shati limeharibika. Nikakimbia kwa daktari wa kiwanda. Pale mlangoni wakaniuliza kadi. Nikasema mnamjua, ni Bwana Moshi, mmemtibu vidonda vyake vyote tangu ujana. Yule muuguzi akaanza kulia, lakini hakufungua. Alisema ameagizwa. Tukamsukuma kwa mkokoteni wa kuni mpaka hospitali ya wote, ambako alilala kwenye korido kabla hajapata kitanda.

Nilikwenda kwa Meneja. Akanipa kiti, akanipa na maji, akasema kwa upole kabisa, "Mama, tunasikitika, lakini mtu wako si wetu."

Bomba walilibadilisha haraka kuliko bandeji. Wageni walikuwa wanakuja.

Siku ya wageni tulipewa aproni mpya, tukapangwa kila mtu nyuma ya meza yake, tukaambiwa tuendelee kukunja tukitabasamu. Siku hiyo boila haikuwashwa, na mashine nyingi zilizimwa, tukaambiwa tukiulizwa tuseme ni matengenezo. Hotuba zilikuwa uani, sisi tukizisikia kwenye spika za ukumbini. Mgeni akaongea kwa lugha yao. Halafu ikaja sauti ya kutafsiri.

Nikaijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Unavuta mwisho wa sentensi kama alivyokuwa anavuta baba. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi. Nilimgeukia jirani yangu nikamwambia huyo ni mdogo wangu, huyo anayeongea. Nilitaka ukumbi mzima ujue. Wewe ukaendelea. Ukashukuru ushirikiano. Ukasema bara kwa bara tumeshikana mikono. Ukasema hewa yetu ni safi. Kisha ukasema, polepole, kila neno likasikika mpaka kwenye meza ya mwisho:

"Tangu mradi huu uanze, hakuna mfanyakazi wetu hata mmoja aliyeumia."

Jirani yangu akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika shuka ncha mbili, nikaendelea kuikunja. Sikujua cha kufanya na mikono.

Nilikwenda nyumbani nikafagia. Nilijiambia amesema kwa sababu ndiyo kazi yake, atakuja aseme vingine kwa kinywa chake mwenyewe. Nikachinja yule kuku mwekundu. Wapwa zako wakaoga wakakaa sebuleni kama wanaosubiri picha. Ilipofika saa ya kulala nikawaambia mjomba amepatwa na udhuru. Kesho yake nikasikia basi lenu limeshakwenda uwanja wa ndege.

Sina matusi. Nataka unijibu tu. Ulijua ameumia, au hukujua?

Dada yako


Jumamosi, 17 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nimeianza hii mara nyingi na kuchana.

Niliambiwa asubuhi ya ziara, ndani ya basi, na Meneja mwenyewe. Alisema kuna ajali ndogo kwa jirani, shemeji amepata majeraha, anaendelea vizuri. Alisema wageni wakiuliza atajibu yeye. Hawakuuliza.

Dada, mkalimani hasemi yake. Waliandika "mfanyakazi wetu," na mimi nikasema "mfanyakazi wetu." Kwa mujibu wa karatasi ilikuwa kweli. Ningesema lipi lingine, mbele ya watu wote, na kipaza sauti kimeshikwa na mtu mwingine? Kuja nyumbani niliomba, wakasema ratiba hairuhusu. Sikusisitiza, hilo nakubali. Niliogopa macho yako.

Umeuliza jambo moja, nami nikujibu na lile usiloliuliza. Ule mkataba wa kununua mvuke niliutafsiri mimi, mwezi wa kwanza, kabla boila haijatolewa. Ndiyo maana nilijua habari za ukuta. Wabia wanajua kwamba mvuke unanunuliwa. Hawakutaka kujua unatoka wapi, kwa sababu ukinunuliwa hauhesabiwi kuwa moshi wao. Nilidhani shemeji atapata kazi na wao watapata jani lao, hakuna atakayeumia.

Kuhusu vali, sikukudanganya niliposema nimelifikisha. Nilimpigia Meneja. Nilimwambia dada yangu ana wasiwasi, mtazameni shemeji. Aliniahidi. Kumwambia mkuu wa mradi nisingeweza, mkataba wangu ulikuwa mezani kwake unasubiri kuzungumzwa.

Nimeupata, dada. Mwaka mpya nahamia ofisi kubwa. Nitamgharamia shemeji matibabu yote, na wapwa zangu shule. Nipe muda. Ila usiende mbele na jambo hili kwa serikali wala kwa watu wa magazeti. Mradi ukifungwa mtakosa kazi wote, na wewe ukiwemo.

Niombee.

Mdogo wako


Jumapili, 8 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekuombea. Leo pia nimekuombea, ingawa kwa muda mrefu nilipiga magoti nikisikiliza wenzangu wakiomba.

Shemeji yako amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, kikiwemo kidole gumba. Jicho lipo, lakini anasema naonekana kwake kama mtu aliye nyuma ya pazia. Anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto na hataki nimsaidie.

Sasa nikuambie kilichonipata niliposoma kwamba ulimpigia Meneja. Mwezi wa tano shemeji yako alirudi nyumbani amenyong'onyea. Nilimuuliza, akasema hakuna kitu. Siku nyingine nikamuuliza habari ya vali, akaniambia niache habari ya vali. Nikadhani imebadilishwa. Baada ya barua yako nilimkalisha nikamwomba aniambie ukweli. Kumbe Meneja alimwita. Alimwambia, "Mkeo anapeleka maneno ng'ambo. Nikisikia tena habari ya vali, nitatafuta mtu mwingine wa kuwasha moto, na yeye atafute meza nyingine ya kukunjia." Basi akanyamaza kwa ajili yangu. Kila asubuhi aliwasha boila ile akijua, akaniambia tuonane jioni.

Hilo ndilo ulilolifikisha, Kasuku. Ulilipeleka kwa mkubwa pekee ambaye alikuwa analijua tayari.

Yeye hajui kwamba ni wewe. Anafikiri Meneja alizifungua barua zangu. Wala hajui sauti ya spika ilikuwa ya nani, alikuwa hospitali, na ukumbini wamenihurumia hawajamwambia. Anakutaja kwa wema. Akiwa na maumivu anasema, "Shemeji angekuwepo wasingenifanyia hivi." Mimi nakoroga uji.

Uliyosema juu ya shule na matibabu nimesikia. Sitaki. Usidhani ni hasira, hasira ilikuja ikaondoka. Shemeji yako hataki kusaidiwa na jamaa kama mtu aliyeanguka kwenye mti wake mwenyewe. Anataka waseme alikuwa wa kiwanda. Hilo tu ndilo analolizungumza. Amewasha moto wao tangu ana nywele nyeusi, na sasa anaambiwa hakuwepo.

Kwa hiyo Ijumaa nimekwenda ofisi ya kazi. Nilimkuta afisa mmoja wa kike, mdogo tu, angeweza kuwa binti yangu. Amenisikiliza bila kunikata. Akasema, mama, shida ya kesi hii ni moja, kwenye karatasi kiwanda na ile kampuni ya nyuma ni watu wawili tofauti. Nani aliyekuwepo walipopanga, anayeweza kusema ni kitu kimoja?

Nilikukumbuka ulivyokuwa unalala mgongoni kwangu mama alipokuwa mgonjwa, mate yako yakinilowesha bega. Nilikumbuka pia vile vidole, kwenye beseni la hospitali, maana nesi alikuwa hajafunika.

Nikamwambia yupo aliyeutafsiri mkataba. Akauliza kama nina kitu chochote alichoandika huyo mtu. Nikamwambia alichoniandikia mimi ni changu, ila jina lake nitampa. Nikalitaja lote, na la baba na la babu, asije akachanganywa na mwingine. Akauliza namfahamu vipi. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja. Kalamu ikasimama. Akanitazama, akaniuliza kama nina hakika, kwamba wakimwita na akasema kweli, huko aliko hawatamtaka tena, na akisema uongo ni jela.

Nikamwambia, "Andika, mwanangu."

Watakuita, Kasuku. Safari hii hakuna mtu atakayekupa maneno ya kugeuza.

Nilipofika nyumbani shemeji yako alikuwa barazani, amefunga shati zima peke yake, vifungo vimepishana. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia ofisi ya kazi. Akafurahi, kisha akafikiri kidogo.

"Ungemwandikia shemeji kwanza," akasema. "Angetuelekeza la kusema."

Nikamwambia nitamwandikia.

Dada yako